Nani Anayepanga Mwanga wa Singeli?

Mjadala wetu kuhusu muziki wa vijana wa uswahilini umekuwa mjadala wa masikio. Tumebishana juu ya maneno ya nyimbo, juu ya spika zinazotikisa kuta za majirani, juu ya saa ambayo muziki unapaswa kuzimwa. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, limekuwa likipima mashairi. Kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zimeweka viwango vya kelele na mitetemo. Macho hayakualikwa katika mjadala huo. Ilhali jukwaa la leo, kuanzia ukumbi wa harusi wa Kijitonyama hadi uwanja wa burudani wa Mbagala, linaendeshwa na mwanga kwa kadiri ileile linavyoendeshwa na sauti. Na mwanga huo, katika shughuli nyingi, haupangwi tena na mkono wa mtu aliyekaa kwenye swichi. Unapangwa na msimbo wa kompyuta.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba anayeandika msimbo huo anaamua mambo ya umma: usalama wa miili ya watu, kipato cha vijana, na sura ambayo muziki wetu unaonekana nayo. Maamuzi hayo tumeyaacha kwa viwanda vya mbali visivyotujua. Tuna uwezo wa kuyarudisha nyumbani, na njia ya kuyarudisha ni elimu kabla ya kibali.

Tuanze na namna kazi yenyewe inavyofanyika, maana siasa ya chombo haieleweki kwa asiyejua chombo kinavyofanya kazi.

Taa za jukwaani za leo huzungumza lugha moja iitwayo DMX512, iliyotungwa Marekani mwaka 1986 na chama cha wataalamu wa teknolojia ya maonyesho, USITT. Waya mmoja hubeba chaneli 512. Kila chaneli hupewa namba kuanzia 0 hadi 255, na kila taa hupewa anwani yake ili ijue ni namba zipi zinazoihusu. Chaneli moja inaweza kuwa wekundu, nyingine ukijani, nyingine mwelekeo wa shingo ya taa, nyingine kasi ya kupepesa. Namba zote 512 zikitumwa, orodha nzima hurudiwa takribani mara 44 kwa sekunde. Kwa hiyo onyesho la taa, ukilivua mapambo yake, ni jedwali la namba linaloandikwa upya kila kukicha kwa sekunde. Yeyote awezaye kuandika programu ndogo ya kubadilisha namba anaweza kuongoza taa.

Wala programu hizo si mali ya matajiri peke yao. Ipo QLC+, programu huria iliyochipuka kutoka kazi ya Mfini Heikki Junnila na kuendelezwa na Mwitaliano Massimo Callegari. Hailipiwi, na inatosheka na kompyuta mpakato ya kawaida. Kinachobaki kununuliwa ni kifaa kidogo cha kuunganisha kompyuta na waya wa taa, na taa zenyewe, ambazo maduka ya Kariakoo huuza.

Kuziunganisha taa hizo na muziki kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni maikrofoni ndogo iliyomo ndani ya taa: sauti ikipanda, taa inaruka. Hiyo ndiyo njia ya uvivu, na ndiyo iliyoenea, kwa sababu haihitaji fundi. Ya pili ni programu kusikiliza muziki, kupima nguvu ya besi, na kukisia mapigo yanaangukia wapi. Ya tatu ni mtu kukaa na wimbo, kuujua, kuandika mapema tukio la kila sehemu yake, kisha kuliendesha onyesho kwa saa moja na muziki. Njia hii ya tatu ndiyo sanaa. Ndiyo pia inayodai muda, utaalamu na malipo.

Sasa tuulete muziki wenyewe. Singeli ni mtoto wa mitaa hii: Tandale, Manzese na Mburahati zilizokuwa zote Kinondoni kabla ya Manispaa ya Ubungo kuundwa, na mitaa ya Temeke upande wa pili wa jiji. Ilirithi mchiriku, muziki uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyochakaa na spika za kuungaunga, na ikaongeza kasi. Studio ya Sisso iliyoko Mburahati ilisikika duniani mwaka 2017, pale lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso. Tangu hapo vijana wa mitaa hiyo wamepiga katika matamasha ya Ulaya. Alama kuu ya muziki wao ni mwendo: mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na nyimbo nyingine hukaribia 300.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Mitambo mingi ya taa imezoeshwa muziki wa dansi wa Ulaya na Marekani, ambao mwendo wake huwa mapigo 120 hadi 130 kwa dakika. Taa ikiwaka mara moja kwa kila pigo, jicho linapokea miale miwili kwa sekunde. Hakuna shaka hapo. Ipeleke taa hiyohiyo, kwa mpangilio uleule, kwenye singeli ya mapigo 240. Miale inakuwa minne kwa sekunde. Fundi akitaka mbwembwe na kuiwasha mara mbili kwa kila pigo, inakuwa minane. Wimbo wa mapigo 300, kwa mwako mmoja tu kwa pigo, unatoa miale mitano.

Kwa nini tujali tofauti ya miale miwili na minane? Kwa sababu wapo watu ambao ubongo wao hupokea mwanga wa kupepesa kama amri ya kupata degedege. Ni wachache: takribani watu 3 kati ya kila 100 wenye kifafa, na hali hiyo huonekana zaidi kwa watoto na vijana, yaani hasa umri unaojaza kumbi na vigodoro vyetu. Mwongozo wa mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza umependekeza taa za kupepesa zisizidi miale minne kwa sekunde. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka kisiwekwe kitu kinachomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyesha rangi nyekundu na bluu zikipishana takribani mara 12 kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wa Japani wakakimbizwa hospitalini. Wengi wa waliopata degedege usiku ule hawakuwa wamewahi kuipata kabla. Japani ilijibu kwa kuweka miongozo ya utangazaji. Haikupiga marufuku katuni.

Nchini kwetu suala hili lina uzito wa ziada. Kifafa bado kinabebeshwa maana za uchawi, laana na mashetani. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mkoani Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kwa kina jinsi wagonjwa walivyotengwa na jamaa zao wenyewe. Msichana akianguka katikati ya sherehe huko Tandika leo, ni nani atakayeitazama taa? Watasema amepagawa, watasema amelewa, watamtafutia mganga. Chanzo kitabaki juu ya nguzo kikiendelea kumweka, na kesho yake kitapelekwa kwenye sherehe nyingine.

Yupo atakayenijibu kwamba mitambo ya kukisia mapigo mara nyingi hukosea singeli. Kwa kuwa imezoeshwa mwendo wa 120, ikisikia 240 huihesabu nusu, na hivyo taa huenda taratibu kuliko muziki. Ni kweli, makosa ya namna hiyo yanajulikana sana katika taaluma ya kutambua mapigo. Lakini tusikubali kulindwa na kosa. Kwanza, siku mtambo utakaposikia sawasawa, kinga hiyo itatoweka bila mtu kuarifiwa. Pili, taa zenye maikrofoni zake hazikisii mwendo. Kila moja huruka kivyake. Taa tatu zinazomweka mara mbili kwa sekunde, kila moja kwa wakati wake, huweza kuliletea jicho miale sita. Kuzioanisha taa, ambako wengi hukuona kuwa ni urembo, kumbe ni sehemu ya usalama. Tatu, kuna fedheha ndani yake: muziki uliozaliwa hapa unasikiwa nusu na mashine kwa sababu hakuna aliyeifundisha mashine kwamba muziki huo upo.

Mwanasheria wa Marekani Lawrence Lessig, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1999, alijenga hoja kwamba msimbo wa kompyuta hufanya kazi ya sheria: unaruhusu, unazuia, unaelekeza mwenendo wa watu bila askari wala hakimu. Hoja hiyo ilihusu intaneti, lakini inaingia ukumbini bila kubisha hodi. Mpangilio unaokuja na taa kutoka kiwandani ni sheria ndogo. Unasema: mwako mmoja kwa kila pigo. Sheria hiyo haikujadiliwa na Baraza la Madiwani wa Temeke, haikuandikwa kwenye Gazeti la Serikali, wala haikuwazia mwendo wa 240. Hata hivyo inatawala macho ya maelfu ya watu kila mwisho wa wiki. Swali la nani aliyeandika mpangilio huo, kwa ajili ya muziki upi, ni swali la kisiasa kamili, hata kama halikuvaa sare ya chama chochote.

Kutoka kwenye chombo tumgeukie mtu. Fundi taa wa mitaa yetu ndiye mfanyakazi asiyeonekana kuliko wote jukwaani, japo kazi yake ndiyo inayowafanya wengine waonekane. Msanii anajulikana, mshereheshaji anajulikana, fundi wa sauti walau hulaumiwa maikrofoni ikikoroma. Fundi taa hafahamiki hata kwa lawama. Mara nyingi ni kijana aliyejifunza kwa kumfuata mwingine, akibeba nguzo na nyaya, akipanda ngazi bila mkanda, akiunga umeme wa jenereta kwa mikono mitupu, huku akilipwa posho ya siku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 haikuandika kwamba ukumbi wa burudani si mahali pa kazi. Ni sisi tulioamua kwamba palipo na muziki hapana kazi, pana starehe tu.

Na anapovuka hatua ya kubeba nyaya, akaanza kuandika onyesho lake mwenyewe, anazalisha kitu chenye thamani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Mtunzi wa wimbo anayo mahali pa kusajili kazi yake. Je, kijana aliyekesha usiku tatu akiandika matukio mia mbili ya taa kwa ajili ya wimbo mmoja, faili lake likinakiliwa na mwenye ukumbi na kutumika mwaka mzima, anayo hoja mbele ya sheria hiyo? Naamini anayo, walau kwa ile sehemu aliyoiandika kama programu. Anachokosa ni mkataba, na mtu wa kumwambia kwamba alichoandika ni kazi.

Najua pingamizi mbili zitakazokuja, na zote zinastahili jibu.

Ya kwanza itasema: nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina nafasi ya kujadili taa za starehe. Pingamizi hili linasikika kama uzalendo, lakini historia yetu haiungi mkono. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa Rais wa Jamhuri mwezi Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana, wakati nchi ikiwa na madaktari wa kuhesabika. Hakusubiri zahanati zitimie. Aliona kwamba taifa lisilojitazama kwa macho yake litatazamwa kwa macho ya wengine. Zaidi ya hayo, hapa hatuzungumzii starehe dhidi ya ajira. Kwa kijana wa Mtoni au Mwananyamala, taa ni ajira, na kwa mwenye kifafa, taa ni suala la afya.

Ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa wanaharakati ninaowaheshimu. Watasema: ukiita kanuni, umeita kibali, ukiita kibali, umeita ofisa mlangoni, na ofisa mlangoni atawaonea walewale maskini wa vigodoro huku akipita kimya kwenye hoteli za ufukweni. Hofu hii ina msingi. Tumeona jinsi burudani za uswahilini zinavyotazamwa kwanza kama kero na baadaye, kama ipo nafasi, kama utamaduni. Kanuni ya taa itakayoanzia polisi itaishia polisi.

Ndiyo maana napendekeza tuanzie mwisho mwingine, kwenye msimbo wenyewe. Kikomo cha miale mitatu kwa sekunde ni mistari michache ya programu. Inauliza mwendo wa wimbo, inagawanya, na ikiona miale inazidi, inaiwasha taa kwa kila mapigo mawili au manne badala ya kila pigo. Kwa singeli ya 240, mwako mmoja kwa kila mapigo manne ni mwako mmoja kwa sekunde, na bado unaangukia juu ya pigo, na bado mchezaji anauhisi. Rangi zinaweza kuendelea kutiririka taratibu, shingo za taa zikaendelea kuzunguka. Onyesho halipungui uzuri. Pengine linaongezeka, kwa kuwa mwako unaokuja kwa nadra ndio unaokumbukwa. Kanuni ya namna hiyo haihitaji ofisa mlangoni, wala haitozi ada. Inahitaji fundi anayejua kwa nini iko pale.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, mapendekezo yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji taasisi mpya.

Kwanza, vyuo vya VETA, kikiwemo cha Chang'ombe kilichoko Temeke kwenyewe, tayari vinafundisha umeme. Viongezewe kozi fupi ya taa za jukwaani: umeme salama, kufunga taa juu ya vichwa vya watu, DMX512, na misingi ya kuandika programu. Fundi huyo afundishwe pia mipaka ya chombo chake. Kwa mfano, DMX512 haina namna ya kuhakiki kama ujumbe umefika bila kosa, na kwa sababu hiyo haifai kuwashia fataki wala kitu chochote kinachoweza kudhuru mtu.

Pili, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) na Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ziutambue upangaji wa mwanga kuwa ni utunzi, na ziwakutanishe wanafunzi wao na wale wa uhandisi wa kompyuta. Mwanafunzi anayetafuta mada ya mradi wa mwisho asihangaike kutengeneza mfumo mwingine wa kusajili wateja wa duka. Atengeneze programu huria ya kutambua mapigo ya singeli, yenye kikomo cha miale ndani yake, na aitoe bure kwa mafundi wa Tandale na Mbagala.

Tatu, halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Bodaboda na ufugaji wa kuku si njia pekee za ujasiriamali. Kikundi cha vijana watano wenye taa, kompyuta na mafunzo ni biashara kamili. Na masharti ya mkopo yanaweza kudai cheti cha usalama bila kuunda kibali kipya.

Nne, lugha. Fundi taa wetu anafanya kazi kwa maneno ya kuokoteza kutoka kwenye maboksi ya bidhaa, na anayejifunza hubaki akikariri vitufe bila kuelewa dhana. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililopo tangu mwaka 1967, likutane na mafundi wenyewe, lisikilize wanayaitaje mambo, na litoe orodha ndogo ya istilahi. Mtu hawezi kudai haki ya kazi ambayo hana jina la kuiita.

Wanafunzi wangu, nawaachia ninyi sehemu iliyobaki, kwa kuwa ninyi mnaingia kumbi hizo kuliko mimi. Mkisimama mbele ya jukwaa, hesabuni miale kwa sekunde. Mwulizeni fundi ameipangaje, na mwulizeni jina lake. Mkimwona mtu anageuza uso au anaanza kukakamaa, mwondoeni penye mwanga, mlazeni ubavu, na mwiteni fundi apunguze taa kabla hamjamwita mganga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu, kwa sasa, unazibika kwa mistari michache ya msimbo na kijana mmoja aliyefundishwa kuiandika.